Kisu cha Finland, Kisu cha Sweden, na Posa Yangu

Mwanamke niliyetaka kumwoa alinionya mapema. "Baba atakuuliza habari ya kisu," aliniambia. "Usijibu." Nikacheka. Nilidhani ni utani, maana yeye ni Msomali aliyezaliwa Finland na wazazi waliokulia Garissa, mimi ni mtu wa Tanga, na tangu tujuane tulikuwa tunataniana kwa kila kitu, kuanzia chai mpaka namna ya kufunga kikoi. Sikujua kwamba hapa Birmingham kuna watu wazima, wenye ndevu za hina, waliogombana kwa sababu ya visu mpaka wakaacha kutembeleana.

Siku ya kwanza kwenda kwao Hodge Hill nilivaa shati lililopigwa pasi mpaka likawa linasimama lenyewe. Baba yake alinipokea vizuri, sina la kulalamika. Chai ya hiliki ikaja, sambusa zikaja, maswali yakaja. Ninafanya kazi gani? Nikamwambia nipo karakana moja ya Hockley, tunang'arisha vikombe vya washindi wa mashindano. Wazazi wako wapi? Tanga. Ninaswali? Naam, alhamdulillahi. Nikaanza kujiona nimeshafika. Ndipo mzee akainuka, akaenda jikoni, akarudi na kitu kilichoviringishwa kitambaa kama mtoto mchanga.

"Shika," akasema.

Kilikuwa kisu kifupi, bapa lake halizidi upana wa kiganja. Si kile cha kukunja cha kutia mfukoni. Hiki kimesimama moja kwa moja, chuma kimepenya ndani ya mpini. Mpini wenyewe ni wa mti, rangi ya asali, una mabaka mabaka. Ala yake ya ngozi inakimeza mpaka nusu ya mpini. Alipewa kule Finland na msimamizi wake wa kazi, mzee aliyekuwa akienda porini kila vuli kuwinda wale paa wao wakubwa wenye pembe pana kama sinia.

"Hii ni chuma ya ukweli," akasema mzee kwa Kiswahili chake cha Kenya. "Inakata nyama kabla nyama haijajua. Sasa wewe kijana, nikikuonyesha hii, halafu nikuonyeshe kisu ya plastiki kutoka Sweden, utachagua gani?"

Nikakumbuka onyo. Nikabugia chai ya moto ili mdomo uwe na kazi. Ulimi ukaungua mpaka machozi yakanitoka, na mzee akadhani nimeguswa na uzuri wa kisu chake.

Kisu cha plastiki kutoka Sweden kilikuwa cha kaka yake mkubwa, aliyekuwa akiishi Perry Barr, si mbali na kituo cha treni. Walipokimbia vita vya maisha, kila mtu alipata mlango wake: mdogo akaangukia Finland, mkubwa akaangukia Sweden, na baada ya miaka mingi wote wawili wakaishia Birmingham, kila mmoja na kisu chake cha kuwindia, ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kuwinda hata sungura. Mkubwa alisema kisu cha mdogo ni cha kutunzwa kama mgonjwa: ukikiacha na tone la maji kinashika kutu, kila siku mafuta, kila siku kitambaa. Mdogo alisema kisu cha mkubwa kina mpini wa mswaki.

Haya yote waliambiana kwa sauti za WhatsApp. Mchumba wangu alinisikilizisha baadhi yake. "Assalamu aleikum ndugu yangu," anasema mkubwa, taratibu, kama mtu anayesoma habari. "Nauliza hali. Kisu imeamkaje leo? Imelala na mafuta ama imelala na kutu?" Na mdogo anajibu: "Waaleikum salaam. Mimi nilienda duka ya vitu vya kuvulia samaki, nikaona kisu kama yako. Ilikuwa imewekwa pamoja na ndoo." Nilicheka mpaka nikakosa mbavu. Yeye hakucheka. Akaniambia, kwa Kiingereza chake cha hapa Birmingham, kwamba wazee hao hawajakaa chumba kimoja tangu Idi moja walipozozana mbele ya wageni, na mkubwa akaapa hatakanyaga Hodge Hill mpaka mdogo akubali kwamba ameshindwa.

Kicheko kikaniishia pale pale. Kwao, baba hajibu posa peke yake wakati kaka yake mkubwa yuko hai na yuko mji mmoja. Lazima wakae wote wawili, bega kwa bega, na mkubwa ndiye anayesema. Na mimi nilikuwa na ami yangu Leicester ambaye alishawakusanya wazee wa kuja kuniposea, akawa ananipigia kila wiki: "Vipi, tuje au tusije? Mwenzio suti imeshatoka kwa dobi." Tena upande wa mama yake msichana kulikuwa na binamu fulani wa Toronto. Mhandisi. Mrefu. Hata picha yake nilionyeshwa, ana meno meupe utafikiri anauza dawa ya meno. Mama mtu alikuwa hasemi kitu, ila jina la Toronto lilikuwa linatajwa mno katika nyumba ile, hata kwenye habari za hali ya hewa.

Kibaya zaidi, ukoo mzima ulishapiga kura. Shangazi ni wa kisu cha Finland, wajomba ni wa kisu cha Sweden, watoto wamegawanyika nusu kwa nusu. Mtu pekee ambaye alikuwa hajasema lolote ni mimi. Baba mtu akaniambia wazi: "Wewe si wetu bado, kwa hivyo wewe ndiye hakimu." Juma lililofuata yule wa Perry Barr naye akanitumia ujumbe: "Nimeskia wewe ndiye hakimu. Karibu kwangu." Jamani! Nikimsifu huyu namkosa yule, na nisipowapata wote wawili namkosa binti. Nilikasirika. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa mahari, kuulizwa dini, kuulizwa hata ukoo wa bibi yangu. Nani hujiandaa kuulizwa kisu?

"Si wavilete pamoja vilinganishwe yaishe?" nikamuuliza mchumba wangu. Akanitazama kama mtu aliyeshuka leo kutoka kwenye ndege. Katika mji huu, miaka ile, ambapo kila jioni taarifa ya habari ilikuwa ni visu na vijana, mzee wa Kisomali mwenye koti refu apande basi na kisu cha kuwindia kwapani? Polisi wangekuja na helikopta. Hata mimi nisingethubutu kukitia kwenye buti la gari. Kwa hiyo visu vile havikuwahi kutoka ndani ya nyumba zao. Ndugu wawili walikuwa wamebishana miaka yote hiyo bila ya hata mmoja kukishika kisu cha mwenzake.

Basi mimi, kwa akili zangu, nikasema: visu vikae, nyama ndiyo itembee. Tununue paja la ng'ombe, tuligawe. Kipande kimoja nitakikatia Perry Barr kwa kisu cha Sweden, kingine Hodge Hill kwa kisu cha Finland, na nyama yote itakuwa ya kutengenezea nyirinyiri. Asiyeijua, nyirinyiri ni nyama inayokatwa mikanda, ikaanikwa mpaka ikakauka, ikakatwakatwa vidogo, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli. Inakaa miezi na haiharibiki. Kwao iko mezani siku zote, kama kwetu ilivyo chumvi. Nikawapelekea wazo kwa WhatsApp. Kabla ya adhuhuri wote wawili walikuwa wameshakubali. Mchumba wangu akasema hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana tangu ile Idi.

Jumamosi nikaanza na mkubwa, kwa heshima ya umri. Nikapanda basi namba kumi na moja, lile linalozunguka mji mzima bila haraka, na paja la ng'ombe mapajani. Damu ikaanza kuvuja kwenye mfuko. Bibi mmoja wa Kizungu akahama kiti. Nikamwona anavyonitazama, nikataka kumwambia, mama, usiniogope, naenda kuoa.

Mzee wa Perry Barr alikuwa mrefu, mwembamba, mcheshi kuliko nilivyotarajia. Nilipompa shikamoo alifurahi, akasema tangu atoke Kenya hakuna aliyempa. Akatoa kisu chake kutoka kwenye droo ya vijiko, bila kitambaa, bila sherehe. Mpini wa plastiki nyeusi wenye mpira wa kijani, ala ya plastiki inayobana kwa mlio, tak! Akakunja mkono wa shati kunionyesha makali yalivyo: akanyoa vinyweleo vya mkono wake, vikapukutika. Nikaona sehemu nzima ya mkono ule haina nywele hata moja. Baadaye niligundua mdogo wake naye ana kipara hicho hicho, mkono ule ule.

Kabla ya kukata nikaomba ndimu. "Ndimu ya nini?" akauliza. "Ya kutoa shombo," nikamjibu. Kwetu Tanga huwezi kugusa nyama mbichi bila ndimu na chumvi. Mama yangu akikuona atakuuliza umelelewa na nani. Mzee akacheka, akasema watu wa pwani tungeweza kutia ndimu hata kwenye chai, lakini akanipa. Nikakamua, nikapaka, nikakata. Kisu kikaenda vizuri sana, wallahi. Nilipomaliza akakitupa kwenye sinki, akakipiga sabuni, akakifuta kwa taulo la mikono, kikang'aa kama hakijafanya kazi. "Umeona?" akasema. "Sasa nenda kwa huyo mwingine."

Nikaenda. Na kwa kuwa mimi ni hakimu mwadilifu, nikaona lazima kila kitu kiwe sawa: nyama ile ile, bakuli la ukubwa ule ule, chumvi ile ile. Na ndimu.

Nilipoanza kukata, baba mtu alisimama pembeni amekunja mikono. Nikuambie ukweli ambao sikumwambia yeyote siku ile: visu vile vilikuwa sawa. Vyote viwili vimechongwa namna moja, chuma kinene kinachoteremka kwa mteremko mmoja mpana mpaka kwenye makali, ndiyo maana ni rahisi kuvinoa, unaulaza mteremko wote juu ya kinoo na kusugua. Nyama vinaipita vyema. Karoti vinaivunja badala ya kuikata. Mpini wa mti ni mtamu zaidi mkononi. Wa plastiki hautelezi ukilowa. Kwisha. Miaka yote ile ya kugombana ilikuwa juu ya mpini na kutu.

Katikati ya kazi wakati wa alasiri ukaingia, mzee akaniita tukaswali. Nikaacha kisu ndani ya bakuli, juu ya nyama, kwenye maji ya ndimu. Tukaswali. Mzee akaomba dua ndefu, na mimi nikaongeza yangu, unajua niliomba nini. Halafu simu yake ikalia, akazungumza na mtu wa Garissa, kisha tukarudi jikoni.

Kisu kilikuwa cheusi.

Si uchafu. Nilikifuta kwa kitambaa, nikakisugua kwa kidole, nikakitemea mpaka mate kama mtu aliyechanganyikiwa. Bapa lote lilikuwa limegeuka rangi ya wino, bluu na nyeusi, na lile la Perry Barr, chuma kisichoshika kutu, halikuwa limepata hata doa! "Umeweka nini?" akauliza mzee. "Ndimu." "Ndimu?" "Ya kutoa shombo, baba." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alivuta kigoda akakaa, akakichukua kisu kwa mikono miwili.

Mke wake ndiye aliyenisogelea. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Hiyo ndiyo alikuwa anamkatia mama yake chakula." Mama yao wale wazee alipelekwa Finland na mwanawe mdogo, akiwa mtu mzima sana, hana jino mdomoni. Hakutaka chakula cha kule. Alitaka nyirinyiri tu, na hakuweza kuitafuna, kwa hiyo kila siku mwanawe alimkatia kwa kisu kile, vidogo vidogo, mpaka siku alipofariki. Mkubwa wakati huo alikuwa Sweden, upande wa pili wa bahari, meli inavuka kwa usiku mmoja, lakini hakuwa na karatasi za kusafiria. Hakumwona mama akiwa hai, wala hakumzika.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimtazama mchumba wangu mlangoni, ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Nikajua yule wa Toronto anaweza sasa kuanza kupiga mashati pasi.

Mzee akatoa simu. Akakipiga kisu picha, akaituma kwa kaka yake bila neno hata moja. Nikasema moyoni, basi tena, huo ndio ushindi aliokuwa akiungojea mkubwa, sasa hivi atatumwagia kejeli mpaka Leicester zisikike. Tukangojea ujumbe wa sauti. Haukuja. Mzee akawa anakipaka kisu mafuta ya mzeituni, anafuta, anapaka tena. Mke wake akapika chai, hakuna aliyeinywa.

Kengele ya mlango ilipolia nilienda mimi kufungua, nilitaka sababu ya kutoka jikoni. Alikuwa yule mkubwa. Hana koti, amevaa ndala juu ya soksi, anahema. Hata salamu yangu hakuijibu. "Iko wapi?" akauliza, akanipita.

Mdogo alipomwona aliinuka. Akampa kisu. Mkubwa akakishika kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Akakipima uzito, akapitisha kidole gumba juu ya mpini wa mti, pale palipolika kwa kushikwa. Kisha akaagiza magadi ya kuokea na kiazi kilichokatwa katikati, akakaa kwenye kigoda cha mdogo wake, akaanza kusugua. "Pole pole, utaikwaruza," akasema mdogo. "Nyamaza, mimi najua kisu," akasema mkubwa. Wakasugua kwa zamu. Weusi ukapungua ukawa kijivu, ukagoma hapo.

"Haitoki yote," akasema mkubwa.

"Wacha ibaki."

Mkubwa akaendelea kukitazama. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Kila ukiniambia kisu yako ni bora, unajua mimi nilikuwa naskia nini? Naskia: wewe hukuwa kwa mama."

"Mimi sikusema hivyo!"

"Najua hukusema. Ndivyo nilikuwa naskia."

Hapo na mimi hasira zikanipanda, sitaki kusema uongo. Nilitaka kuwaambia, sasa watu wazima nyinyi, hili lilikuwa gumu kiasi gani kulisema mpaka mnizungushe mji mzima na paja la ng'ombe? Lakini nilikuwa mposaji.

"Alikuwa anakula vidogo kiasi gani?" akauliza mkubwa. Mdogo alishusha kopo la nyirinyiri kutoka kabatini, akatoa vipande vichache kwenye sahani, akachukua kisu kile kilichoharibika rangi, akaanza kukata. Alikata mara mbili, akakata tena, mpaka vikawa vidogo kuliko punje ya mahindi. "Hivi," akasema. "Na kila siku nikimaliza kukata alikuwa anagawa katikati. Anakula nusu. Nusu anarudisha kwa kopo. Anasema hiyo ni ya mkubwa, atakuja na meli."

Mkubwa akafunika uso kwa viganja. Analia wazi wazi, mabega yanatikisika, wala haoni haya. Mdogo akasimama pale na kisu mkononi, naye machozi yanamdondokea kwenye ndevu.

"Sasa ile nusu yangu," akasema mkubwa baadaye, kutoka nyuma ya viganja, "ilienda wapi?"

"Nilikula mimi."

"Miaka yote?"

"Ningefanya nini? Ingeharibika. Na ningemwambia nini mama, kwamba hukuja? Nilikuwa nakula usiku, asubuhi namwambia umefika ukachukua."

Mkubwa akaondoa mikono usoni. Akamtazama mdogo wake kutoka juu mpaka kitambini, akakitazama na kile kitambi. "Ndiyo maana umenona hivi," akasema, na wote wawili wakaangua kicheko, kicheko kibaya cha watu wenye kamasi, wameshikana mabega, na mimi na mke wa mzee na binti yake tunalia na kucheka bila kujua tumeanzia wapi.

Walipotulia, mdogo akaisukuma sahani mbele ya kaka yake. "Kula," akasema. Mkubwa alikuwa na meno yake yote, mazuri tu, lakini alikula vile vipande kimoja kimoja kwa ncha za vidole, taratibu, mpaka sahani ikaisha, na mdogo akakaa kando yake akimtazama anavyokula.

Binti yao akashindwa kuvumilia. Akauliza kutoka mlangoni, kwa Kiingereza, kama kuna mtu humu ndani atakayemjibu huyu kijana wa watu au aende zake. Baba yake akamgeukia kaka yake, akamwekea mkono begani.

"Sema wewe," akamwambia. "Sasa umefika."